Fosfati ndogo zinazobeba ishara ndani ya seli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa na wanafunzi wa biolojia, wauguzi, na watu waliosoma karatasi ya dawa wakakutana na neno kama cAMP bila maelezo. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeshaelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Fosfati ndogo ni kitu gani hasa?

Fosfati ni atomu moja ya fosforasi iliyoshikana na atomu nne za oksijeni. Katika maji ya seli hubeba chaji hasi. Seli huishikiza kwenye molekuli nyingine: nyukliotidi, sukari, mafuta, protini. Kurasa hizi zinahusu zile molekuli ndogo zenye fosfati ambazo kazi yake si kujenga mwili wala kutunza nishati, bali kupasha habari.

Maarufu zaidi ni cAMP na cGMP, ambazo ni nyukliotidi (jamii ya matofali yanayojenga DNA na RNA) zilizokunjwa fosfati yake ikafunga duara, na IP3, ambayo ni pete ya inositoli yenye fosfati tatu. Ni ndogo kwelikweli. Uzito wa cAMP ni takriban daltoni 329 na wa IP3 ni takriban 420, ilhali himoglobini moja inafika kama 64,500. Udogo huo una faida: molekuli ya namna hii husambaa ndani ya seli haraka kuliko protini yoyote.

Homoni ikishafika kwenye seli, mjumbe mwingine wa nini?

Kwa sababu homoni imefika mlangoni tu. Adrenalini hupenda maji, na utando wa seli ni mafuta; haiwezi kupenya. Inachofanya ni kushika kipokezi kilichochomoza nje ya utando. Kipokezi hicho hujikunja umbo, na upande wake wa ndani huamsha protini nyingine, ambazo nazo huamsha kimeng'enya kinachotengeneza fosfati ndogo. Ndiyo maana wataalamu huiita homoni mjumbe wa kwanza, na fosfati hiyo mjumbe wa pili.

Si homoni zote zinazohitaji utaratibu huu. Homoni za jamii ya steroidi, kama estrojeni na kotisoli, hupenya utando zenyewe na kukutana na vipokezi vyao ndani.

Nani aliyegundua kwamba kuna mjumbe wa pili?

Earl Sutherland, mtafiti wa Marekani, katika miaka ya 1950. Alitaka kujua jinsi adrenalini inavyolifanya ini livunje glaikojeni (akiba yake ya sukari) na kutoa glukosi. Jaribio lake ni mojawapo ya majaribio ninayoyapenda kuliko yote katika biolojia, kwa sababu halina kitu cha kificho.

Alisaga ini. Adrenalini ikafanya kazi hata kwenye uji ule wa seli zilizopasuka. Kisha akaondoa vipande vya utando, na adrenalini ikaacha kufanya kazi. Basi akavichukua vile vipande peke yake, akavipa adrenalini na ATP (molekuli ya nishati ya seli), halafu akachemsha mchanganyiko. Joto hilo huharibu protini. Lakini maji yaliyobaki, yalipomiminwa kwenye ile sehemu isiyo na utando, yaliamsha kimeng'enya kinachovunja glaikojeni kana kwamba adrenalini yenyewe ipo. Maana yake utando ulikuwa umetengeneza kitu kidogo kisichoharibiwa na joto. Kitu hicho kilikuwa cAMP. Sutherland alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971.

Kwa nini asili ichague fosfati na si kitu kingine?

Mkemia Frank Westheimer aliliuliza swali hili mwaka 1987, na hoja zake bado zinasimama. Chaji hasi huizuia molekuli isivuje kupitia utando, hivyo ujumbe hubaki ndani ya seli iliyoutuma. Chaji hiyohiyo huvisukuma mbali vitu ambavyo vingekikata kiungo cha fosfati majini, kwa hiyo kiungo hicho hudumu muda mrefu kisipoguswa. Ila kimeng'enya sahihi kikifika, kinakikata mara moja.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Kitu kinachofaa kuwa ishara lazima kidumu hadi kifike, kisha kiweze kufutwa kwa amri. Vitu vingi hutimiza sharti moja kati ya hayo mawili. Fosfati hutimiza yote.

ATP nayo ni fosfati. Mbona inaitwa nishati na si ishara?

Tofauti ni kiasi. Ndani ya seli ATP ipo katika kiwango cha milimola, wakati cAMP huwa karibu na mikromola moja, yaani pungufu mara elfu au zaidi. Kitu kilichojaa kila mahali hakiwezi kutangaza habari, kwa sababu ukikiongeza kidogo hakuna anayetambua. cAMP ikiongezeka kidogo tu, kiwango chake kimeshazidi maradufu.

Hata hivyo ATP hugeuka ishara ikitoka nje ya seli. Huko nje kiwango chake ni kidogo sana, hivyo seli ikipasuka na kumwaga ATP yake, majirani hujua kuna jeraha. Kanuni ni ileile.

Je, hii ndiyo fosforaileshoni tunayofundishwa shuleni?

Hapana, ingawa ni ndugu. Fosforaileshoni ni kubandika fosfati kwenye protini, na vimeng'enya vinavyofanya hivyo huitwa kinasi. Binadamu ana jeni za kinasi za protini zaidi ya 500. Edmond Fischer na Edwin Krebs walionyesha katikati ya miaka ya 1950 kwamba fosfati hiyo huwasha na kuzima kimeng'enya cha glaikojeni, wakapata Nobel mwaka 1992.

Mara nyingi mambo haya mawili hufuatana: fosfati ndogo huelea, huamsha kinasi, na kinasi hubandika fosfati kwenye protini nyingine.

## Ishara inavyowaka

cAMP ikishatengenezwa, inafanya nini?

Huishika kinasi iitwayo PKA. PKA ikiwa imelala ni kifurushi cha vipande vinne: viwili vinavyofanya kazi na viwili vinavyovizuia. Molekuli za cAMP hukaa kwenye vile vizuizi, navyo huviachia vipande vya kazi. Kuanzia hapo PKA hubandika fosfati kwenye protini nyingi. Ikibaki hai kwa muda wa kutosha, sehemu yake huingia kwenye kiini cha seli na kubadili jeni zinazosomwa.

PKA si mpokeaji pekee. Mwaka 1998 iligunduliwa protini nyingine, Epac, ambayo cAMP huiamsha bila kupitia PKA.

Na IP3?

IP3 haiamshi kinasi. Inafungua mlango.

Kwenye utando kuna mafuta yenye fosfati yaitwayo PIP2. Kipokezi kikiguswa, kimeng'enya fosfolipasi C huyakata mafuta hayo vipande viwili. Kipande cha mafuta, DAG, hubaki utandoni na kuamsha kinasi iitwayo PKC. Kipande cha kichwa, IP3, huanguka kwenye maji ya seli na kusafiri hadi kwenye ghala la ndani, yaani retikulamu ya endoplazimu. Huko hukutana na kipokezi chake, mlango uliojengwa kwa protini nne zinazofanana. Mlango ukifunguka, kalsiamu iliyohifadhiwa humiminika.

Historia yake ni ndefu. Mwaka 1953 Mabel Hokin na Lowell Hokin waliona kwamba kongosho likichochewa, mafuta ya utando huanza kubadilishana fosfati kwa kasi. Hakuna aliyejua maana yake. Robert Michell alipendekeza mwaka 1975 kwamba mabadiliko hayo yanahusiana na kalsiamu, na mwaka 1983 Michael Berridge na wenzake walitoboa seli za kongosho, wakaweka IP3, na kalsiamu ikatoka ghalani. Miaka 30 kutoka dalili hadi jibu.

Kwa nini kalsiamu ina nguvu kiasi hicho?

Kwa sababu seli haiitaki. Kalsiamu ikikutana na fosfati nyingi huganda na kuwa chumvi ngumu, ileile inayoimarisha mifupa. Seli iliyojaa fosfati ililazimika tangu mwanzo kuisukuma kalsiamu nje au kuifungia ghalani. Matokeo yake, katika seli iliyotulia kalsiamu huru ni kama nanomola 100, wakati nje ya seli ni zaidi ya milimola moja. Pengo hilo ni la mara elfu kumi. Mlango ukifunguka kwa kitambo kidogo, mabadiliko huonekana seli nzima.

Mjumbe mmoja anawezaje kuleta matokeo tofauti? cAMP huongeza mapigo ya moyo na pia hulegeza njia za hewa.

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili. Jibu ni kwamba cAMP haibebi maagizo. Haina neno "piga" wala neno "legea". Inasema kitu kimoja tu: kipokezi kimeguswa. Kinachofuata hutegemea protini zilizomo ndani ya seli husika. Seli ya moyo ina milango ya kalsiamu ambayo PKA huifanya ifunguke zaidi, basi moyo hupiga kwa nguvu. Misuli laini ya njia za hewa ina mashine nyingine, na PKA ileile huituliza. Ini lina vimeng'enya vya glaikojeni, nalo hutoa glukosi.

Tofauti hujitokeza hata ndani ya seli moja. PKA hufungwa na protini maalumu kwenye sehemu fulanifulani, kando yake pakiwa na vimeng'enya vya kufuta cAMP. Kwa hiyo cAMP inaweza kupanda kwenye pembe moja ya seli bila pembe nyingine kusikia.

Je, ishara hukua njiani?

Ndiyo. Kipokezi kimoja huamsha protini kadhaa, kila kimeng'enya hutengeneza molekuli nyingi za cAMP, na kila kinasi hushughulikia protini nyingi kabla ya kuzimwa. Ndiyo maana homoni iliyomo kwenye damu kwa kiasi kidogo mno inaweza kulifanya ini zima limwage sukari.

Kalsiamu hupanda mara moja tu, au hurudiarudia?

Mara nyingi hurudiarudia, na mwendo wa mawimbi hayo nao ni ujumbe. Kalsiamu kidogo huusaidia mlango wa IP3 kufunguka, kalsiamu nyingi huufunga, pampu hurudisha kalsiamu ghalani, kisha mzunguko huanza upya. Kichocheo kikiongezeka, mara nyingi kinachobadilika ni idadi ya mawimbi kuliko kimo chake.

Mfano mzuri zaidi ninaoujua ni wa yai. Mbegu ya kiume ya mamalia ikiungana na yai huingiza fosfolipasi yake yenyewe, PLC zeta, iliyotambuliwa mwaka 2002. Hiyo hutengeneza IP3, na mawimbi ya kalsiamu hupita ndani ya yai moja baada ya jingine kwa saa kadhaa. Hapo ndipo yai huamka na kuanza safari ya kuwa kiinitete.

## Ishara inavyozimwa

Nini huzima ishara?

Vimeng'enya, na vingi kuliko watu wanavyodhani. cAMP na cGMP hukatwa na fosfodiesterasi, ambazo kwa mamalia zina familia 11. IP3 hupokonywa fosfati moja, au huongezewa moja. Njia zote mbili humfanya mlinda mlango wa kalsiamu asiitambue. Kalsiamu yenyewe husukumwa nje na pampu.

Vitabu vingi hutumia kurasa kumi kueleza ishara inavyowashwa na aya moja kueleza inavyozimwa. Naona hilo ni kosa. Kama cAMP isingefutwa, adrenalini ya saa hii isingetofautika na ya jana. Na dawa nyingi hufanya kazi upande huu wa kuzima.

Ishara isipozimwa, kunatokea nini?

Kipindupindu ni jibu kamili. Sumu ya bakteria wake huingia kwenye seli za utumbo na kuibadili protini inayowasha kimeng'enya cha cAMP, isiweze tena kujizima. cAMP hupanda na kubaki juu. Milango ya kloridi hufunguka, chumvi hutoka kwenda ndani ya utumbo, na maji huifuata. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita moja kwa saa.

Maji ya chumvi na sukari huokoa maisha kwa sababu sumu hiyo haigusi njia nyingine, ile inayofyonza sodiamu pamoja na glukosi. Glukosi huivuta sodiamu irudi mwilini, na maji hurudi nayo, huku ishara mbovu ikiendelea hadi seli hizo zibadilishwe na mpya.

Kafeini huzuia kufutwa kwa cAMP, sivyo?

Kwenye chupa ya maabara, ndiyo. Lakini kiwango kinachohitajika ni kikubwa kuliko kile mtu anachopata kwa kunywa kawaida. Kwa mnywaji, kafeini hukuchangamsha hasa kwa kuziba vipokezi vya adenosini kwenye ubongo.

Sildenafili hufanyaje kazi?

Huzuia fosfodiesterasi ya 5, inayofuta cGMP kwenye misuli laini ya mishipa ya damu. Mishipa ikipata gesi ya nitriki oksidi hutengeneza cGMP na kulegea. Dawa huirefusha hali hiyo. Haiwashi ishara yenyewe, ndiyo maana bila msisimko haina kazi. Na ndiyo maana ni hatari kuichanganya na dawa za moyo za jamii ya nitrati: upande mmoja unaongeza utengenezaji, mwingine unazuia ufutaji, na shinikizo la damu linaweza kuporomoka vibaya.

Kuna ishara inayotokana na fosfati kupungua?

Ipo, na unaitumia sasa kusoma. Gizani, seli za mwanga za jicho hujaa cGMP inayoishikilia milango ya ayoni ikiwa wazi. Mwanga ukigonga, fosfodiesterasi huamka, cGMP hushuka, milango hufunga. Ubongo huambiwa "mwanga" kwa njia ya kupungua.

Lithiamu inaingiaje hapa?

IP3 ikishavunjwa, inositoli yake hurudishwa kutengeneza PIP2 mpya. Lithiamu huzuia kimeng'enya kinachoondoa fosfati ya mwisho. Kutokana na hilo Berridge alipendekeza kwamba lithiamu hutuliza zile njia zinazofanya kazi kupita kiasi, kwa kuzipunguzia inositoli. Wazo hilo ni zuri, lakini halijathibitishwa kuwa ndiyo sababu lithiamu husaidia wagonjwa wa hisia mbili (bipolar). Dawa hiyo hugusa pia vimeng'enya vingine, kikiwemo GSK-3.

## Fosfati zisizoondoka utandoni

Mbona insulini haitajwi kwenye cAMP wala IP3?

Kwa sababu njia yake kuu hutumia fosfati inayobaki kwenye utando. Insulini huamsha kimeng'enya PI3K, kinachoongeza fosfati moja kwenye PIP2 kuipata PIP3. PIP3 haielei, ni alama iliyobandikwa kwenye ukuta wa ndani wa utando, na protini kama Akt huja kuishika hapo hapo. Usiichanganye na IP3: majina yanafanana, lakini moja ni mafuta na nyingine huyeyuka majini.

Anayefuta PIP3 ni PTEN. Katika saratani nyingi PTEN imepotea, au jeni ya PI3K imebadilika ikabaki imewashwa. Seli husikia "kua" muda wote. Alpelisibu, dawa inayoizuia PI3K, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa baadhi ya saratani za matiti, na mojawapo ya madhara yake makubwa ni kupanda kwa sukari ya damu. Ukikumbuka kazi ya insulini, hilo halishangazi.

## Kinga ya mwili

Ni kweli kwamba fosfati huonya seli kuhusu virusi?

Ndiyo. DNA hukaa kwenye kiini cha seli na mitokondria. Ikionekana kwenye maji ya seli, huenda virusi vimeingia. Kimeng'enya cGAS huishika DNA hiyo na kutengeneza cGAMP, molekuli ya duara yenye fosfati mbili, iliyoelezwa mwaka 2013 na maabara ya Zhijian Chen. cGAMP huamsha protini STING, na seli huanza kutoa intaferoni, yaani protini za kuonya kuhusu virusi. Inaweza pia kupita kwenye vijia vinavyounganisha seli na kumwonya jirani ambaye bado hajaambukizwa.

Fosfoantijeni ni nini?

Ni fosfati ndogo zinazowaita askari wa kinga. Bakteria wengi, na hata kimelea cha malaria, hutengeneza molekuli ya kaboni tano yenye fosfati mbili iitwayo HMBPP. Binadamu hawaitengenezi. Ikiingia kwenye seli yetu hushikana na sehemu ya ndani ya protini BTN3A1, iliyopita kwenye utando, na kuiunganisha na mwenzake BTN2A1 kama gundi. Mabadiliko hayo yanaonekana upande wa nje, na kundi la seli T za gama-delta huyatambua na kushambulia.

Angalia mwelekeo: ishara nyingi hapo juu zilitoka nje kuingia ndani. Hii inatoka ndani kwenda nje. Seli zetu zina fosfati ya kufanana nayo, IPP, lakini nguvu yake ni ndogo mara maelfu. Baadhi ya seli za saratani hulimbikiza IPP, na dawa ya mifupa zoledronati huongeza mlimbikizo huo, ndiyo maana watafiti wa tiba ya saratani wanaifuatilia njia hii kwa makini.

## Maswali ya pembeni

Je, nikimeza fosfati au inositoli nitaongeza ishara hizi?

Hapana. Kiwango cha cAMP au IP3 hakiamuliwi na wingi wa malighafi bali na vimeng'enya vinavyoitengeneza na kuifuta. Na hata ukimeza IP3 yenyewe, chaji yake haitairuhusu kupenya utando (tazama swali la kwa nini asili ilichagua fosfati). Mgonjwa wa figo asijaribu kuongeza fosfati bila daktari, kwani mwili wake hushindwa kuitoa.

Bakteria na mimea nao wana fosfati hizi?

Wana zao. Bakteria wakikosa chakula hutengeneza ppGpp, inayosimamisha ujenzi wa ribosomu, yaani viwanda vya protini. Iligunduliwa mwaka 1969. Nyingine, c-di-GMP, iliyoelezwa mwaka 1987, huamua kama bakteria waogelee au watulie na kujenga tabaka la pamoja linalowafunika. Mimea hutumia pete za inositoli zilizosheheni fosfati, kama IP8, kupima kama fosfati ya udongo inatosha: kiwango chake hupungua mmea ukiwa na njaa ya fosfati.

Wanasayansi wanaonaje kitu kidogo hivi kikifanya kazi?

Kwa IP3 hutumia hila mbili: kutoboa utando, kama walivyofanya mwaka 1983, au kuingiza IP3 iliyofungiwa ndani ya kifuniko cha kikemia kinachovunjika kwa mwanga. Kalsiamu huonekana kwa rangi zinazong'aa zikiishika. Roger Tsien alitengeneza rangi hizo katika miaka ya 1980, na fura-2 ya mwaka 1985 ingali ikitumika. cAMP hupimwa kwa protini zinazobadili rangi ya mng'ao zikiikamata. Ukiweka yai lenye rangi ya kalsiamu chini ya hadubini na kuongeza mbegu za kiume, utaona mng'ao ukianzia pale mbegu ilipoingia, ukasambaa hadi upande wa pili, ukafifia, kisha baada ya dakika kadhaa ukaanza tena.